Nimeiangalia He's All That mara mbili nisije nikaionea. Bado nina ugomvi nayo

Mzee wa Flashi (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na baridi. Niko hapa Mwanjelwa, Mbeya, nina kijiofisi cha kuwekea watu muvi kwenye flashi na memori kadi, kazi niliyoianza enzi za kuchoma CD. Nawaambia mapema ili mjue mchambuzi wa gazeti hayupo hapa. Anayeongea ni mtu ambaye mteja akichukia muvi, anakuja kumnunia yeye. Netflix hawamjui.

Shule zimefungwa, watoto wa sekondari wamerudi na homa ya muvi za mapenzi za shuleni. Juzi wamekuja mabinti wawili, wakataka "ile ya yule dada wa TikTok". Nikawawekea He's All That, ile ya Netflix ya 2021. Halafu, kwa roho safi tu, nikawatilia na mzazi wake, She's All That ya 1999, kama nyongeza anayokuwekea muuza nyanya. Baada ya siku mbili wamerudi. Ya nyongeza wameirudia mara mbili. Ya kulipia wamelala nayo katikati. Mmoja akaniuliza swali ambalo ndilo limenileta huku:

"Anko, kwani hii mpya dau lake lilikuwa la nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuiangalia tena.

Kwa ambao hawajaziona: ile ya 1999, Zack (Freddie Prinze Jr.) ndiye bwana mkubwa wa shule. Demu wake anammwaga kwa ajili ya jamaa wa kwenye TV. Kwa uchungu anawekeana dau na rafiki yake, Paul Walker huyo huyo wa magari, kwamba ndani ya wiki sita anaweza kumfanya msichana yeyote awe malkia wa disko la kumaliza shule. Rafiki anamchagulia Laney (Rachael Leigh Cook): mchoraji, hana mama, baba yake anasafisha mabwawa ya kuogelea ya watu wenye hela. Mdogo wake kwenye ile muvi ni Kieran Culkin, yule aliyebeba Oscar 2025, kama kuna mtu anapenda vitu hivyo. Muvi ya bajeti ndogo, ikaingiza zaidi ya dola milioni 100.

Hii mpya wamegeuza jinsia. Padgett (Addison Rae) ni maarufu mtandaoni. Anamfuma mpenzi wake na mwingine akiwa laivu, analia hadi kamasi linatoa povu, nchi nzima inacheka, mdhamini anamkimbia. Naye anaweka dau: atamchukua Cameron (Tanner Buchanan), kijana wa kamera na farasi asiyejali mtu, amfanye mfalme wa disko.

Kugeuza jinsia sina shida nako. Shida yangu ni Cameron mwenyewe. Jamaa ni mzuri tangu dakika ya kwanza, anajua kupigana, ana msimamo, na hakuna anachokitaka kwa wale watu. Kumvua kofia na kumpunguza nywele siyo kumbadilisha mtu, ni kumpeleka saluni. Laney alikuwa na cha kupoteza. Akicheka na wale watoto wa kishua, unamwona anavyojipima: hapa napendwa au nachezewa? Unaogopa kwa niaba yake. Kwa Cameron nimekaa saa nzima na nusu sijaogopa hata mara moja.

Kingine, dau la 1999 lililipwa. Laney hakushinda umalkia, kwa hiyo Zack akashindwa dau, na kwenye mahafali akaja uchi wa mnyama, kajiziba na mpira wa miguu. Ujinga, ndiyo, lakini mtu kalipa kwa aibu ya mwili wake mbele ya wazazi na walimu. Hii mpya sina kumbukumbu ya mtu kulipa chochote. Wanacheza dansi, farasi anakuja, tunaenda kulala.

Ninachouliza: aliyeiona akaipenda, aliipendea nini? Sitaki matusi, nataka kujifunza biashara.

BaridiKali

Anko umeanza vizuri. Nimekaa pale.

Sista_Mafinga

Mzee wa Flashi shikamoo. Mimi niliipenda na sitaomba radhi. Niliiangalia Jumamosi, mvua inanyesha, nimejifunika blanketi, karanga pembeni. Hakuna aliyeniambia nakwenda kanisani. Mnataka pipi iwe na mfupa ndani? Ile ya 1999 mnaipenda kwa sababu mliiona mkiwa na ndevu mbili. Mkiiona leo kwa mara ya kwanza mtaikimbia, hasa ile mantiki ya kwamba msichana akivua miwani ndipo anakuwa mrembo. Yule dada alikuwa mrembo na miwani yake, kila mtu alikuwa anaona isipokuwa muongozaji.

Mtoa_Nje

Sista hapo kwenye miwani umegonga. Mwaka 2001 wakatoa hadi muvi nzima ya kuzicheka muvi za namna hiyo, Not Another Teen Movie, na miwani ni moja ya vitu walivyovitania. Siyo sisi wa kwanza kuona.

Ticha_Tukuyu

Ndaga wote. Naona mnabishana juu ya mama na mtoto wakati bibi yupo. Hadithi hii ni ya George Bernard Shaw, tamthilia ya Pygmalion, iliyochezwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1913, London mwaka uliofuata. Profesa wa matamshi anawekeana dau na mwenzake kwamba atamwokota binti muuza maua, Eliza, amfundishe kuongea kama wenye nacho hadi wenye nacho wenyewe wadanganyike. Mwaka 1964 ikawa filamu ya nyimbo, My Fair Lady, Audrey Hepburn ndiye Eliza.

Sasa sikilizeni mahali ambapo moto upo. Eliza anafaulu. Wakubwa wanapongezana kana kwamba yeye hayumo chumbani. Na yeye anawageukia kwa hasira, anataka kujua sasa atakwenda wapi: sokoni hawezi kurudi kuuza maua, na huku juu hana pa kukaa. Swali hilo ndilo hadithi nzima. Shaw aligoma kabisa kumwozesha Eliza kwa profesa, watu walipong'ang'ania akaandika maelezo marefu nyuma ya kitabu kueleza kwamba ataolewa na kijana mwingine.

Laney wa 1999 amebaki na chembe ya swali la Eliza. Cameron hana hata chembe. Ukimaliza kumbadilisha anarudi kwa farasi wake, maisha yanaendelea. Ndiyo maana Mzee wa Flashi hakuogopa.

Na msidhani nachukia kurudia kazi. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, halafu akairudia na kuisahihisha, ikatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari. Rais wa nchi, kazi zote zile, anakaa kurudia tafsiri yake mwenyewe. Mtu anarudia kwa sababu kuna kitu kinamuwasha. Waliorudia hii ya 2021, kilichowawasha mimi sijakiona.

Sista_Mafinga

Ticha umeshusha notisi kabisa, tutafanya mtihani lini 😂

Mtoa_Nje

Kilichowawasha mbona kipo wazi. Yule Addison Rae alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 80 TikTok wakati ule. Hapo hadithi ya nini tena?

Mzee wa Flashi

Mtoa_Nje, hapo nakubali nusu. Kwa sababu wapishi hawakuwa wageni jikoni. Aliyeandika hii mpya, R. Lee Fleming Jr., ndiye aliyeandika ya 1999. Muongozaji ni Mark Waters, mtu aliyetupa Mean Girls ya 2004, na mwaka mmoja kabla yake aliirudia Freaky Friday ya 1976 ikatoka safi sana. Huyu anajua kurudia muvi kuliko watu wengi mjini. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa fundi wa kubahatisha nisingefungua uzi.

Mtoa_Nje

Kuhusu mwandishi, M. Night Shyamalan alidai mwaka 2013 kwamba ya 1999 aliiandika yeye kimya kimya. Fleming akapinga. Yule wa muvi za mizimu kuandika mapenzi ya shule, mimi nilicheka.

Kamwene_Ipogolo

Kamwene. Huwa nasoma tu sichangii, ila leo acha nichangie, maana naona mnakipita kitu kilichonikalia kooni.

Padgett ni maskini. Mmeliona hilo? Anasoma shule ya watoto wa matajiri, nyumbani kwao ni pa kawaida kabisa, mama yake ni nesi anayelea peke yake. Na wenzake hawajui. Anawaficha. Muvi inakuonyesha hilo mapema, mimi nikakaa vizuri kwenye kiti, nikajua sasa tunaanza.

Mimi nimesoma sekondari moja hapa Iringa mjini, sitaitaja. Nyumbani Ipogolo, bondeni kule. Darasa letu lilikuwa na watoto wengi wa Gangilonga, na siku ya kwanza mmoja akaniuliza unakaa wapi, mdomo ukajibu wenyewe: Gangilonga. Basi. Kuanzia siku hiyo kila jioni nilipanda nao mlima. Tukifika karibu na lile jiwe, nawaaga, najifanya naingia uchochoro wa upande wa pili. Nasubiri wapotee. Halafu nageuza, nashuka mjini, nashuka hadi Ipogolo kwa mguu, nafika kigiza kimeingia. Mama alikuwa anachoma vitumbua barabarani pale magari yanaposimama. Nilimwambia tuna masomo ya ziada. Kila siku, miaka miwili. Na mnajua Gangilonga maana yake ni jiwe linalosema. Mimi lilikuwa linaniona kila jioni, nashukuru halikusema.

Kidato cha tatu, gari la familia ya rafiki yangu lilisimama Ipogolo wanunue vitumbua. Nilikuwa nimeshika upawa. Niliutupa nikaingia chini ya meza. Mama akawahudumia, akahesabu chenji, akawatakia safari njema. Walipoondoka hakuniuliza kitu. Aliokota upawa, akaufuta kwa kanga, akaendelea. Hadi leo hajaniuliza.

Kwa hiyo Mzee wa Flashi, binti yako anauliza dau lilikuwa la nini. Dau la kweli lipo nyumbani kwa Padgett. Yeye ndiye muuza maua wa Ticha. Kajibadilisha mwenyewe kabla muvi haijaanza, kajifundisha kuongea kama wao, na kila jioni anarudi kwao. Wakaliacha hilo wakakimbilia nywele za Cameron. Nilichukia sana, na nilichukia peke yangu kwa sababu niliokuwa nao walikuwa wanacheka.

BaridiKali

Mkuu.

Mzee wa Flashi

Kamwene, nimesoma nikafunga ofisi kidogo nikaenda kunywa chai.

Umeniwekea neno nililolikosa. Nililaumu dau jepesi, kumbe dau zito lilikuwepo, wamelikalia. Na angalia walivyolikalia: mama mtu ni Rachael Leigh Cook, Laney mwenyewe wa 1999! Binti wa msafisha mabwawa sasa kawa mtu mzima, kawa mama, ingawa kwa jina jingine, na binti yake anamwonea aibu. Una silaha hiyo mkononi, unaipa maneno gani? Ushauri wa jikoni. Matthew Lillard naye wamemrudisha, safari hii mkuu wa shule, anacheza kidogo tunacheka. Hata ule wimbo Laney anaposhuka ngazi, Kiss Me, wameurudia. Wamebeba vyombo vyote vya nyumba ya zamani wakaacha jiko.

Sista_Mafinga

Kamwene dada yangu, pole. Nakubali nilikula pipi na ganda lake.

Lakini nitetee kitu kimoja, mnisikilize. Ile sehemu ya laivu mwanzoni, anavyolia na namba zinaporomoka wakati bado machozi hayajakauka, hiyo ni ya kweli. Mimi nauza nguo za mtumba kwa simu hapa Mafinga. Nikiwa laivu na watu 60, kisha wakabaki 9, tumbo linauma kama nimefiwa. Watu wa 1999 wasingeweza kuandika hilo. Kwa hiyo wakati mpya ulikuwa na la kusema, ila wameliachia dakika kumi tu.

Na uigizaji wa Addison siutetei. Furaha tabasamu, huzuni tabasamu, kaachwa tabasamu. Baadaye kahamia kwenye muziki, albamu yake ya 2025 mimi naipiga kila siku. Kila mtu na shamba lake.

Mwana_Uyole

Wakuu, mimi naona kama niliangalia muvi nyingine kabisa. Niliiona bandani hapa Uyole, ile iliyoingizwa sauti na DJ. Ya kwangu mama alikuwa na maneno mengi tu.

Mzee wa Flashi

Hebu elezea.

Mwana_Uyole

DJ kambatiza Padgett jina, anaitwa Neema. Cameron anaitwa Kijana wa Mifugo kwa sababu ya farasi. Yule mpenzi aliyemsaliti ni Shombe. Hadi hapo kawaida yao. Sasa kuna mahali mama yuko nyumbani, kwa Kiingereza nadhani alikuwa anasema vitu vya kawaida, DJ akashusha sauti, banda zima likanyamaza. Mama anasema: "Neema mwanangu, mimi nimetoka zamu ya usiku. Nimefunga macho ya watu wawili leo. Hizo nguo unazoringia kwenye simu nimezilipa kwa usingizi wangu. Ukiwaambia rafiki zako huna mama, sawa, ila waambie nimekufa nimesimama."

Kuna bodaboda mmoja mbele yangu alifuta macho kwa glavu. Halafu ikaja sehemu ya disko DJ akaanza kutangaza kama mpira, Yanga na Simba, vurugu tupu.

Ticha_Tukuyu

Hii ndiyo tafsiri! Huyo DJ hajui Shaw ni nani na kamfikia. Zamani Lufufu, yule mtafsiri wa muvi za mabandani, alikuwa anafanya hivi, unatoka bandani unasimulia maneno ambayo muigizaji hakuyasema kamwe, na yalikuwa bora kuliko aliyoyasema.

Mtoa_Nje

Samahani, ila huko ni kuharibu kazi ya mtu. Ukitaka mama aseme hivyo andika muvi yako. Watu wanatoka bandani wanaisifia Netflix kwa maneno ya DJ.

Ticha_Tukuyu

Hoja yako ina uzito, sitaipuuza. Nitakujibu kwa swali: kama mtu wa Uyole kwa kipaza sauti kibovu ameona pengo kwa kuangalia mara moja, wenye mamilioni walikuwa wanaangalia wapi?

Mtoa_Nje

Walikuwa wanaangalia zile chupa na maboksi ya bidhaa yaliyopangwa kila meza kamera isiyakose. Hapo tumeelewana.

Sista_Mafinga

Hahaha, kuna mahali nilihisi natazama tangazo lenye muvi katikati.

BaridiKali

Ila farasi alikuwa mzuri, tuseme ukweli.

Mwana_Uyole

Farasi hana kosa.

Mzee wa Flashi

Mrejesho, wakuu. Wale mabinti wamepita leo. Nimewasomea stori ya Kamwene, bila jina wala nini. Mmoja kacheka pale penye upawa. Mwenzake hakucheka, akaniuliza bei ya kuweka muvi moja tu, nikamwambia jero, akasema atarudi kesho na flashi yake mwenyewe. Walipoondoka niliwaangalia wanavyoagana pale stendi ya bajaji. Sijui. Labda nimeanza kuona vitu.

Kamwene_Ipogolo

Anko, hiyo ya DJ unayo?

Mzee wa Flashi

Ninayo, Mwana_Uyole kanipelekea jana usiku. Picha ina chenga kidogo, sauti iko poa.

Kamwene_Ipogolo

Naiomba. Mama bado yuko na vitumbua vyake, siku hizi macho yanamsumbua ila masikio mazima. Nataka aisikilize. Nitakutumia hela kwa simu.

Mzee wa Flashi

Hela kaa nayo. Kesho alfajiri flashi nampa konda wa basi linalopita hapo kwenda Dar, linasimama Ipogolo. Mwambie mama ampe konda vitumbua vinne, viwili vyake, viwili arudi navyo kwangu.

BaridiKali

Na mimi bado nimekaa pale. Viwe sita.